Kikonyo Kilikuwa Bado Kibichi

Nianze na kosa langu, juu hata nisiposema minye mwenyewe, watu wa avenyu yetu watasema. Minye njo nilinyoosha kidole.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, hapa Songo, mtaa wetu wa Uvira, nyuma ya nyumba ya jirani yangu Cyprien. Cyprien ni shemasi kanisani, muntu muzuri, ila akitaka kufanya jambo lazima apate mwenye diplome wa kumwambia kama ni sawa. Na minye niko na diplome. Ni ya ualimu, ya kufundisha watoto kuhesabu vijiti, lakini Cyprien akisha kuona karatasi yenye muhuri haulizi ni ya kazi gani. Akanipeleka kule kwenye mteremko, akanionyesha maboga matatu ya mke wake: makubwa, rangi ya machungwa inayong'aa, yamelala mu majani kama wakubwa wa ofisi wako mu likizo.

"Mwalimu Michée," akaniuliza, "haya yameiva ao bado?"

Nikanyoosha kidole. Moja, mbili, tatu, nikayahesabu. Nikasema, "Yakipata rangi, yameiva. Weye unangoja yakusalimie?"

Makosa mawili mu pumzi moja. Kwa watu wa milima ya juu ya Luvungi, ambako mama ya mke wa Cyprien alizaliwa, boga halionyeshwi kwa kidole. Linaonyeshwa kwa ngumi. Ukilinyooshea kidole, wanasema, litaoza. Hiyo nilikuwa naijua, na nilikuwa naicheka. Ya pili sikuijua: ile aina ya maboga inapata rangi mapema, mwezi muzima na zaidi mbele ya kuiva. Rangi yake iko pale kwa kudanganya wajinga. Na mjinga alikuwa amekwisha fika, na diplome yake.

Yanayofuata ni ya Agnès, mke wa Cyprien. Mengi aliniambia mwenyewe, siku alipokubali kunisalimia tena. Ilichukua muda.

Ile Alhamisi Agnès hakuwako. Alikuwa Luvungi, kwenye matanga ya shangazi yake. Mbele ya kuondoka alimsimamisha Cyprien pale kwenye mteremko, akamwonyesha kwa ngumi ule mkia mnene unaolishika boga kwenye mti wake.

"Baba Espoir, unaona kikonyo?"

"Naona."

"Iko kijani. Iko na maji ndani. Unaiacha mpaka ikauke, ikuwe kama kuni. Mbele ya pale, hata malaika akuje hapa kuomba kipande, unamwambia bado."

"Nimesikia, Mama Espoir."

"Umesikia nini?"

"Kama kuni."

Sasa, musifikiri alikuwa mchoyo wa chakula. Yale hayakuwa maboga ya kula. Mama yake, marehemu Émérance, alipokimbia vita kule milimani alishuka na Biblia yake na mbegu za maboga zimefungwa mu pembe ya kitenge. Nyumba ikaungua, shamba likabaki kwa wenye bunduki, majirani wakatawanyika, wengine Uvira, wengine ng'ambo Burundi. Agnès aliuliza kila aliyemkuta sokoni kutoka kule: mungali na mbegu za lile boga? Hakuna. Wote walikimbia na watoto, na wanaokimbia na watoto hawakumbuki mbegu.

Na boga lenyewe, waliokwisha kulila wanaliongelea kama wanaongelea muntu. Nyama kavu, tamu, inashika kwenye kijiko. Likivunwa wakati wake linakaa mu nyumba miezi minane bila kuoza. Émérance alikuwa analipikia wajukuu mwezi wa kwanza, wakati majirani wanakula bishusha, majani ya maboga, na kusifu majani.

Émérance alikufa mwaka jana. Panya walifika kwenye kile kitenge mbele ya watoto wake kufika. Zilibaki mbegu tano. Agnès akazipanda zote. Mbili hazikuota, moja ilikauka, moja ilichakurwa na kuku wa jirani (kuku huyo alikuwa wangu, niliseme hilo pia tumalize). Moja ikashika. Ikatambaa mu mteremko, ikapanda ukuta wa choo, ikashuka upande wa pili, ikazaa matatu.

Basi mu yale maboga matatu njo kulikuwa mbegu zote zilizobaki. Yakipotea, boga la Émérance limeisha duniani, na hakuna soko la kwenda kulitafuta.

Kila boga lilipofika ukubwa wa ngumi, Agnès alichukua msumari, akachora juu ya ngozi yake tarehe ua lilipofunguka. Mchoro ukapona, ukawa kovu, na kovu likakua pamoja na boga. Kubwa lilikuwa na 8/4, namba nene kama kidole gumba. La katikati 20/4. Dogo 27/4. Mama yake alimfundisha vile: kwanza unahesabu miezi miwili na nusu kutoka ua, kisha unatazama. Kikonyo kikuwe kuni. Ule uzi uliojikunja karibu na kikonyo ukauke mpaka uvunjike. Tumbo la boga, pale lilipolalia udongo, litoke mu weupe liingie mu rangi ya siagi. Na ukucha: ukibonyeza ngozi, ukucha ukatae kuingia. Kuhusu rangi ya machungwa, mama yake hakusemaka kitu hata siku moja.

Jumapili, tarehe moja mwezi wa sita, saa nane za mchana, Agnès akashuka kwenye gari la Luvungi, miguu imevimba, sauti imeishia mu nyimbo za matanga. Hakuingia nyumbani. Alipita pembeni moja kwa moja, na mzigo kichwani, kwenda kuona.

Majani yalikuwako. Maboga hayakuwako. Pale kila moja lilipokuwa limelala kulikuwa shimo la udongo laini, na kikonyo kilichokatwa kwa kisu. Kwenye kidonda maji yalikuwa yamejikusanya, tone nene, yanang'aa. Mti ulikuwa haujajua kama umenyang'anywa. Ulikuwa ungali unatuma chakula.

Agnès akachuchumaa, akagusa lile tone. Wengine wangelia pale. Yeye joto lilimpanda kutoka magoti, likapita tumbo, likafika mu masikio, na aliposimama mzigo ulikuwa umeanguka kutoka kichwani bila yeye kusikia.

Cyprien alikuwa mu kiti, kostimu ya kanisa mwilini, viatu pembeni, kijiti cha meno mu mdomo. Amefunga macho.

"Cyprien."

Hakusema Baba Espoir. Cyprien akafungua macho yote mawili.

"Umefika! Pole na matanga, mama. Chakula iko pale, nime..."

"Maboga iko wapi?"

"Maboga?"

"Usinirudishie neno yangu. Iko wapi?"

"Kaa kwanza, unywe maji."

"Sikai."

"Bon. Leo ilikuwa Jumapili ya malimbuko. Unajua vile mwaka jana kikundi chetu tulipeleka fungu moja ya mboga ya lengalenga. Moja! Kikundi cha Mama Josée walicheka mpaka kwaya ikapoteza wimbo. Minye ni shemasi, Mama Espoir. Ningepeleka nini? Na Mungu anaomba matunda ya kwanza."

"Alikuambia iko na haraka?"

"Usiseme vile."

"Mungu mwenyewe njo aliweka boga iive kwa miezi miwili na nusu. Angeitaka ya wiki sita, angeiumba ya wiki sita! Nilikuambia kikonyo ikuwe kama nini?"

"Kama kuni."

"Ilikuwa kama kuni?"

Cyprien akatazama viatu vyake. "Kisu iliingia vizuri," akasema.

"Iliingia vizuri! Muntu anachinja mtoto, anasifu kisu!"

"Mwalimu Michée alisema kama rangi..."

"Mwalimu Michée anafundisha vijiti!"

Hiyo niliisikia kwangu, ukuta kwa ukuta, ugali mkononi. Nikafikiri kutoka nje nijieleze. Kisha nikafikiri tena, nikafunga dirisha.

"Yote matatu?" Agnès akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka, na Cyprien anajua mke wake: sauti ikishuka njo hatari.

"Dogo balipika pale pale kanisani, chakula cha bageni. Ya katikati tulimpa pasta. Kubwa balinadisha kiisha ibada, kwa ajili ya bati za kanisa. Papa Dieudonné alichukua, yule wa kubadilisha pesa kule Kavimvira. Mama Espoir, ungeona! Bantu balipiga makofi. Balisimama. Kwa boga yako!"

"Vaa viatu," Agnès akasema.

Jikoni ya kanisa, Mama Josée alikuwa anasugua sufuria na mchanga. Mama Josée ni muntu anayefurahi akiwa na habari mbaya kidogo ya kukupa.

"Mama Espoir! Lile boga lenu lilikuwa kubwa kwa macho tu. Maji, maji, maji. Tulitia chumvi, likakataa. Tulitia sukari, likakataa. Bageni balikula kwa imani."

"Mbegu?"

"Mbegu ya nini? Tulitupa pale."

Agnès akapiga magoti mu takataka na kitenge chake cha matanga. Mbegu zilikuwako, nyingi, nyeupe, nzuri za kuangalia. Akaweka moja kati ya vidole, akabonyeza. Ikalala. Ngozi juu ya ngozi, katikati hakuna kitu. Akabonyeza ya pili. Akabonyeza ya kumi. Akaendelea kubonyeza, anazitupa kwa upande mmoja, na pumzi yake ilikuwa inatoka kwa pua kama ya muntu anayepanda mlima.

Cyprien, nyuma yake, alisafisha koo. "Si tunaweza kuzipanda vile vile? Pengine..."

"Panda kiatu yako, tuone kama itaota."

Mama Josée akacheka. Agnès akageuka, akamtazama, na Mama Josée akarudia sufuria yake kwa bidii sana.

Kwa pasta hakukuwa hata nafasi ya kubishana. Watoto walikuwa wamelibeba la katikati kwa kikonyo, kama muntu anabeba ndoo, kikonyo kikavunjika njiani, na mke wa pasta alipoona shimo juu akasema afazali kulipika leo. Lilikuwa mu moto. Mbegu zake zilikuwa zimeanza kuvimba katikati, kidogo, unene wa karatasi mbili. Zingepewa mwezi mmoja mwingine zingekuwa mbegu.

"Mama, umepata baraka," pasta akamwambia, na mkono mu tumbo.

"Baraka iko mu sufuria yenu, pasta. Inatoa maji."

Cyprien alifunga macho. Shemasi mwenye mke wa vile anajihesabia siku za ushemasi.

Lilibaki lile la 8/4. Na hapa njo Agnès alianza kukimbia, juu alikuwa na sababu. Mwaka mmoja mvua ya mawe iliharibu majani yote kule milimani, na Émérance alilazimika kukata maboga mbele ya wakati. Aliyoyakata yakiwa na vikonyo vyao vizima aliyaweka mahali pakavu, juu ya majani, akayaacha siku arobaini. Hakuyabeba, hakuyatoboa, hakuruhusu watoto wayakalie. Ndani ya siku zile boga linakula nyama yake lenyewe ili kulisha mbegu. Nyama inapoteza utamu, lakini mbegu zinajaa. Lile kubwa lilikuwa limebakiza wiki tatu tu kwenye mti. Likipatikana zima, ngozi haijaguswa, kikonyo juu yake, mbegu zilikuwa na njia.

Wakapanda pikipiki moja, dereva mbele, Agnès katikati, Cyprien nyuma na kostimu inapepea. Barabara ya Kavimvira munaijua, pale ziwa lilipokula upande mmoja na magari yanagombania upande uliobaki. Dereva alitaka kupunguza.

"Ongeza," Agnès akasema.

"Mama, kuko mashimo."

"Mashimo nimeyaona leo. Ongeza."

Kwa Papa Dieudonné kulikuwa hema la buluu, viti vya kukodi, muziki umepunguzwa kwa heshima. Binti yake Annie alikuwa anaonyeshwa kwa familia ya kijana atakayemuoa, watu wa Gatumba, Burundi, ng'ambo ya mpaka tu. Walikuwa wamekuja na Mzee Ngendakumana, baba ya kijana, na mama ya huyo mzee, kikongwe mmoja mdogo sana aliyeitwa Koko Nyandwi, ameketi mu kiti kikubwa miguu haifiki chini. Chakula kilikuwa kimeisha. Wageni walikuwa wanatazama saa, juu mpaka unafungwa saa kumi na mbili.

Na katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe, boga. Limefungwa utepe mwekundu. Kovu la 8/4 linaangalia mlango, kama lilikuwa linamngoja.

Kikonyo kilikuwako. Kizima, kijani, chini kimekatwa safi. Agnès akashika nguzo ya hema.

Papa Dieudonné akamkuta kwenye kiingilio, mikono wazi, meno nje.

"Mama shemasi! Umekuja kuona boga yenu vile imetuletea heshima?"

"Nimekuja kulichukua."

"He!"

"Nitakurudishia ulichotoa. Na juu yake nitakupa jogoo wawili na ndizi. Kesho asubuhi Baba Espoir atazileta hapa mwenyewe, na kostimu hiyo hiyo."

Cyprien akaitika kwa kichwa haraka sana.

"Mama, shusha sauti." Papa Dieudonné alikuwa bado anatabasamu, lakini kwa upande wa wageni tu; upande wa Agnès meno yalikuwa yamebaki peke yake. "Nusu saa iliyopita nimelitoa kwa mikono miwili. Mzee amelipokea kwa mikono miwili. Bantu bote baliona. Nikilirudisha, ni kama ninarudisha na binti yangu pia. Unataka Annie abaki hapa anazeeka juu ya boga?"

"Annie atazeeka bila minye. Hiyo boga ikikatwa leo, imekufa."

"Boga zote zinakatwaka!"

"Hapana hii!"

Muziki ukazimwa. Pale njo Agnès aliingia. Minye sijawahi kusikia muntu wa Songo anaingia mu karamu ya wakwe bila kualikwa, na nguo ya matanga, na mbegu tupu zimeshikana mu magoti. Annie alijificha uso. Shangazi mmoja akaanza kusema "Usalama! Usalama!" lakini usalama alikuwa mjomba mmoja aliyekwisha kulala.

"Bazee, munisamehe," Agnès akasema, na haikuwa sauti ya kuomba msamaha. "Hiyo boga ni ya marehemu mama yangu. Mume wangu aliikata minye nikiwa kwenye kilio. Alipeleka kanisani juu alikuwa na haya ya lengalenga. Kanisa ikauza juu ya bati. Huyu papa akanunua ili bantu bapige makofi. Kila muntu amepata yake! Mume amepata sifa, kanisa imepata bati, papa amepata wakwe. Boga yenyewe, hakuna aliyeiuliza kama iko tayari. Imeandikwa tarehe mu ngozi, tarehe ya kuzaliwa! Munajua kusoma bote, munasoma sms, munasoma mpaka namba ya bahati nasibu, hakuna hata mmoja alihesabu!"

Glasi moja ililia juu ya meza.

Koko Nyandwi akateleza kutoka kiti chake, akasogea kwenye meza. Akainama mpaka pua yake ikagusa kikonyo. Akainua boga kidogo upande mmoja, akatazama tumbo lake: jeupe. Akapitisha kidole gumba juu ya ngozi, bila kubonyeza, kama muntu anayejua kama ukucha utaingia na hataki kuumiza. Kisha akageukia watu, akafunga mkono, akalionyesha boga kwa ngumi.

"Nani alikata hii?" akauliza.

Agnès aliona ile ngumi. Toka mama yake afe hakuwa ameona muntu mwingine anaonyesha boga vile.

Cyprien akainua mkono, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Weye? Na ndevu hizo?"

Watu wakacheka, na katika kucheka ile hasira ya hema ilipungua. Ya Agnès haikupungua. Alikuwa anamtazama kikongwe usoni.

"Koko, weye ni wa juu? Wa milimani?"

"Nilizaliwa kule," Koko Nyandwi akasema. "Hii boga sijaiona toka nilipoolewa. Sikujua kama ingaliko."

"Ni hii tu. Ingine haiko. Koko, unajua vile inaokolewa. Siku arobaini."

"Arobaini," kikongwe akasema polepole, "mahali pakavu."

Kwa muda wa pumzi tatu, Agnès aliamini. Alishaanza kuona vile atalibeba, mikono chini, kitenge chini ya mikono.

Mzee Ngendakumana akasimama. Ni muntu mrefu, mpole, na upole wake njo ulikuwa mbaya zaidi.

"Mama, pole na kilio. Kweli. Lakini kitu nilichopewa mbele ya familia mbili, sitakiacha hapa mezani. Nikikiacha, huyu papa atalala akijiuliza kama tumemkataa. Na kule Gatumba kuko ndugu arobaini banangoja kuonja kitu kutoka kwa wakwe. Usiku huu tunakipika. Ni heshima yenu pia."

"Heshima gani? Mutakula maji! Muulize mama yako!"

Mzee akageuka kwa mama yake. Koko Nyandwi alikuwa na mkono juu ya boga. Akatazama mtoto wake, akatazama Papa Dieudonné anayetoa jasho, akatazama Annie na uso wake mu viganja. Wakwe wote walikuwa wanamngoja. Kikongwe hawezi kumkatalia mtoto wake mbele ya wakwe, siku ya kwanza, juu ya boga. Agnès aliijua hiyo sheria. Angekuwa yeye, angeifuata. Aliichukia mpaka mu meno.

"Tuende," Koko Nyandwi akasema. "Mpaka unafungwa."

Kila kitu kikaenda haraka. Viti vikasukumwa, watu wakakumbatiana, gari likawashwa. Kijana mmoja wa wageni akalinyanyua boga kwa kikonyo.

"Usiishike pale!" Agnès alipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani akajibu. "Mikono chini! Chini, nimesema!"

Kijana akashtuka, akalitia mikono chini. Akaliweka mu magoti ya Koko Nyandwi, ndani ya gari, kiti cha nyuma, dirishani.

Cyprien alimshika Agnès mkono. "Mama Espoir. Inatosha. Tuende nyumbani, nitatafuta mbegu ingine, hata Bukavu, hata..."

Agnès akautoa ule mkono, bila nguvu, kama anatoa jani lililogandama kwenye nguo. "Baba Espoir," akasema, na alikuwa amerudia lile jina, lakini hakulisema kama zamani, "weye utakaa kimya mpaka minye nikuambie kama umeiva."

Akakimbia kwenye gari. Lilikuwa linarudi nyuma, linatafuta njia kati ya viti. Akashika mlango pale kioo kilipokuwa kimeshushwa. Mbele, Mzee Ngendakumana alikuwa anaongea na dereva juu ya makaratasi ya mpaka. Kioo cha mbele kilikuwa kimefungwa. Nyuma, Koko Nyandwi alikuwa anatazama mbele yake, ameketi wima, ile mikono yake midogo chini ya boga, yote miwili, utepe mwekundu unamgusa kidevu.

"Koko, sikuombi boga," Agnès akasema. Alikuwa anatembea pamoja na gari, kisha anaenda mbio kidogo. "Boga ni yenu. Musikate leo. Bape bantu kitu ingine, bape mchele, nitaleta mchele minye mwenyewe. Iweke juu ya majani, usiache batoto bakalie. Unajua siku. Ukiifungua, uniwekee mbegu kumi."

Gari likafika kwenye barabara, likasimama kupitisha lori. Kikongwe hakugeuza kichwa. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya lile kovu, nane, mstari, nne, kinarudia, kama muntu anayehesabu siku.

"Tano, Koko. Uniwekee tano tu. Utaniwekea?"